Gololi ya Mjomba

2 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mama anaendeleaje? Mimi mzima.

Nimepata kazi ya kwanza kwa jina langu mwenyewe. Daktari wa macho anatengeneza ujia wa wagonjwa kusubiri, na anataka sakafu ya mbao. Yule fundi niliyekuwa chini yake, aliyekuwa akisema mwanamke kwenye sakafu kazi yake ufagio, bado anaizungukia kazi hii. Nikiharibu, narudi kwake kufagia maranda.

Mezani nina vipande vinne: mvule, mninga, mianzi iliyoshindiliwa, na mbao za tabaka, ambazo juu ni mninga mwembamba na chini ni vibao vilivyogundishwa kwa kupishana. Sakafu itapigwa deki kila asubuhi, na dirisha kubwa linaingiza jua mchana kutwa. Wagonjwa wengine hawaoni vizuri. Ubao ukijiinua unene wa kucha tu, mtu kaanguka.

Nichague upi? Chumvi punguza, mjomba.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu Msumari,

Marahaba, tena mara mia. Goti limepona. Juzi nilishuka paa la jirani bila ngazi, nusu ya njia kwa hiari yangu. Mama yako mzima. Nimemsomea barua yako mara mbili, mara ya pili bila kuitazama.

Chumvi mimi? Hata inakouzwa sikujui. Niliishia darasa la tano, lakini yaliyobaki nilisomeshwa na mbao. Sasa sikiliza. Mianzi ni nyasi iliyopewa cheo. Hizo za tabaka ni karata zilizogundishwa, na mtu mzima hatembei juu ya karata. Mninga ni wa watu wapole. Wewe tandika mvule, tena siku ileile unaposhushwa kwenye lori, maana mbao ni kama mgeni mvivu: ukimwachia kiti, hainuki.

Ule ukumbi wa mikutano karibu na stendi ulitandikwa na nani? Mjomba wako, siku mbili, mbao mia sita. Nyundo ilipata moto nikawa naichovya kwenye ndoo. Mkaguzi akaweka gololi katikati ya sakafu, na gololi ile ilikaa miaka kumi ikiwaza iende upande gani. Walipoifagia, ilirudi. Nenda ukajionee.

Mjomba wako, fundi wa mafundi

16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumai hamjambo.

Nilikwenda. Mlinzi alinifungulia. Katikati ya ukumbi sakafu imeinuka kama mgongo wa punda, na viti wamevipanga kuuzunguka. Anasema iliinuka mvua za kwanza tu. Nilipomwambia aliyeitandika ni mjomba wangu, aliuliza, "Yupo hai?" kama mtu anayetaka kujua aanzie wapi.

Daktari nilishamwambia mvule, kwa neno lako. Sasa sijui nimwambie nini. Wewe ndiye uliyenishikisha nyundo, mjomba, ndiyo maana nakuuliza wewe. Nini kilitokea?

Mpwa wako

5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua hii nimeichana mara nne, kwa sababu kila nilipoianza, zile mbao zilizidi kuwa nyingi.

Zilikuwa mia mbili. Zege la chini lilikuwa bichi. Nililigusa, kiganja kikatoka na unyevu. Lakini nilishajitapa mbele za watu kwamba Ijumaa watakutana humo, nikaona aibu kurudisha maneno mdomoni. Nikapigilia siku ileile, nikazibana mpaka ukutani bila kuacha nafasi. Mbao zikanywa maji ya zege, mvua ikaongezea, zikavimba, na hazikuwa na pa kwenda isipokuwa juu. Mvule haukukosa. Nilikosa mimi. Gololi haikuwepo.

Sasa fanya hivi. Bandika nailoni juu ya zege, iache siku nzima. Ukikuta jasho chini yake, subiri. Mbao zako ziingize humo chumbani, uzipange kwa vijiti katikati zipate hewa, na kila baada ya siku mbili pima uzito wa ubao uleule. Uzito ukiacha kubadilika, ndipo utandike. Ukutani acha nafasi ya unene wa kidole.

Ni aina gani? Zile nilizoziita karata nilizitukana kwa kuwa sijawahi kuzitandika. Lakini usichukue neno langu tena. Lowesha vipande vyote vinne, vianike juani, macho yako yachague. Watakuambia unachelewa. Mimi niliwahi, na umeona.

Mjomba wako

10 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Keti kwanza, na mama aketi.

Vipande vinne vililala kwenye beseni siku nzima, kisha juani siku mbili. Mianzi ilipasuka ncha. Mvule ulijikunja. Mninga ulisogea kidogo. Za tabaka zilitoka zimenyooka kama zilivyoingia. Nikampelekea daktari vyote, nikamwambia nilikosea kusema mvule. Akavigeuzageuza, akasema, "Aliyekuja kusema amekosea kabla hajaharibu, huyo namsubiri."

Nikamsubirisha kweli. Nailoni ilitoa jasho mara tatu. Ubao nilikuwa nikiupima kwenye mizani ya muuza nyama, naye kila mara akiuliza kama nataka na mifupa. Yule fundi hakukauka mlangoni, akimwahidi daktari kumaliza kwa siku mbili. Daktari, niliyekwisha kumsimulia ule ukumbi wa stendi, akamjibu, "Sakafu za siku mbili nimeziona ukumbini."

Nilitandika wiki ya kwanza ya Mei. Mvua imepiga wiki tatu, deki kila asubuhi, jua likitokeza. Haijainuka hata unywele. Mgonjwa wa kwanza alikuwa bibi mwenye fimbo nyeupe. Alikwenda mpaka mwisho wa ujia, akarudi, akaenda tena. Akasema, "Hapa hakuna panaponivizia."

Daktari amenipa ghorofa ya juu yote. Yule fundi ameuliza kama nahitaji mtu. Nimemwambia ufagio upo.

Siku ya kukabidhi niliweka gololi katikati ya ujia, mbele ya daktari. Haikwenda popote. Iko ndani ya bahasha hii. Ni yako.

Mpwa wako

19 Juni

Mpwa wangu Msumari,

Marahaba, marahaba, marahaba. Mama yako hajambo, analia na kucheka kwa zamu.

Barua nimeisoma kwa jirani, kwa kinyozi, na kwenye foleni ya maji, ambako sikuwa na ndoo. Nimewaeleza beseni, nailoni, mizani ya nyama, bibi na fimbo yake. Sikuongeza hata punje. Wamecheka mpaka wamejishika mbavu, wanasema safari hii nimepita kiasi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusema kweli tupu, na hakuna anayeniamini. Basi nimeapa kuirudia mpaka waamini.

Kinyozi akataka ushahidi. Nikamleta nyumbani, nikaiweka gololi yako mezani aone inavyotulia. Ikabingirika, ikaanguka, ikaishia chini ya kabati.

Meza ile niliitengeneza mimi. Ukija, njoo na pimamaji.

Mjomba wa fundi