Konokono wa Anselme mezani kwa Papa Ngoie

Alimasi, treni zako za Bukama zingoje kidogo. Simu hii ni habari za Anselme wetu.

Unajua anavyotuvimbia tangu aajiriwe na mzungu wa mawe, yule anayechimba wanyama wa kale waliogeuka mawe. Leo amekwenda kumwomba Godelive kwa baba yake, Papa Ngoie, dereva wa treni. Mzee akamwekea mezani mawe matatu ya chokaa, kila moja lina konokono ndani. "Weye fundi, tuambie miaka yabo."

Anselme akaagiza maji ya moto, akaosha la kwanza kama wanavyofanya kazini. "Huyu alikufa zamani sana, mbele Mungu aumbe Adamu, Papa. Iko jiwe kabisa."

Konokono akatoa pembe.

Alimasi, alitoa pembe. Kumbe alijificha tu katika tundu la jiwe akingoja mvua. Akatambaa, bila haraka, mpaka kwenye sahani ya bukari, juu ya ugali wenyewe.

Papa Ngoie akavua kofia. "Amefufuka. Tumuite mon père amubatize?"

Anselme, jasho tele: "Na binti, Papa?"

"Siku bale babili batatembea, njo utamupata."

Na wale wawili ni mawe kweli, ndani na nje.

Sasa hivi Anselme yuko uani, anawamwagia maji ya moto. Anayemchemshia ni Godelive.