Gemu letu limerudi

Kaka, upo? Nimeumbuka hapa sebuleni kwangu mpaka sina hamu.

Waliotengeneza lile gemu letu wametoa toleo jipya, na safari hii wameifungua dunia yote kama lile la kwanza tulilocheza kwenu. Unakwenda utakako, mlima wowote, msitu wowote. Unakumbuka tulivyowalaani miaka yote walipokuwa wanatupitisha vichochoroni na kutuonyesha njia kwa mshale pembeni mwa skrini?

Basi nikamwita binti yangu. Yeye kakulia kwenye magemu hayo ya mshale. Nikampa pedi ya kuchezea gemu, moyo unanidunda kama bwana harusi.

Akasimama katikati ya nyasi. "Baba, niende wapi?"

"Popote, mama!"

"Popote wapi?"

POPOTE WAPI, kaka! Mtoto wangu wa kumzaa!

Akazungukazunguka, akanirudishia pedi taratibu, kama unavyomsaidia mgonjwa kushika kikombe. "Cheza wewe, Baba. Ni zuri. Ila halina cha kufanya."

Nikaikwapua. Nikasema ngoja nimwonyeshe sisi tulivyokuwa.

Kaka, sikwenda popote.

Unaijua kazi yangu. Kutwa niko kwenye pikipiki na vifurushi vya watu, simu inaniambia kata kulia, kata kushoto, umefika. Nikasimama palepale aliposimama yeye, nimekodolea macho pembe ya skrini, mpaka akaniuliza, "Baba, unatafuta nini?"

Nilikuwa natafuta mshale.