Kombe la Mkwe Wangu Mcheza Raga

Bi Hayat mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mkwe wangu Fergal ni mtu wa Ayalandi, kasilimu, anampenda binti yangu Miska, ila kazi yake ni raga, kila wiki majitu kumi na tano yanamrukia, sikio limevimba kama andazi, meno mawili ya mbele hayapo, nami nataka aache atafute kazi ya kukaa kitini kabla hajaniachia binti mjane, basi nikaenda kwa Maalim Mbarouk kule Ilford aniandikie kombe, lakini niliona haya kumwambia mkwe wangu hushinda matopeni na kaptura, nikasema tu, "Maalim, kazini kwake kuzito, muombee," akaandika aya sahanini kwa zafarani, nikaliosha kwa marashi, nikamtilia Fergal kwenye chupa nikamwambia ni juisi, na wiki hiyohiyo akafunga trai tatu, ndiyo mabao yao, na Ayalandi, waliompita miaka tisa bila kumtazama, wakamwita timu ya taifa!

Sasa Jumamosi anacheza na Uingereza hapa uwanjani Twickenham, kanipigia simu, "Mama, juisi please!", nikimpa atazidi kujitosa aumie, nikimnyima atavunjika moyo, nikisema kweli Miska atanipiga marufuku kwake.

Zainab, Queensbury

Bi Zainab, pole. Lakini mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo yangu nairudisha.

Umemficha maalim ukweli, ukamdanganya mkwe, sasa unalalamika dua imejibiwa? Uliomba kazini kwake kuwe kwepesi, kumekuwa. Kombe halina kosa.

Na huogopi? Mchezaji wa taifa hupimwa mkojo kutafuta dawa, hanywi kitu asichokijua, hata kiwe cha mama mkwe. Mpigie leo umweleze yote, na Miska awe anasikia. Atacheka, kisha atakuuliza kwa nini. Hapo usijitetee. Kombe lililobaki linywe wewe, maana mwenye wasiwasi ni wewe.

Halafu nimekusoma vizuri, bibi. Unasingizia ujane wa Miska, lakini sikio na meno uliyoyahesabu ni ya Fergal. Unamwogopea kijana wa watu, na hujamwambia. Miaka tisa kangoja Ayalandi wamwite. Wewe umengoja nini?

Jumamosi funga skafu ya kijani ya Ayalandi juu ya buibui lako, uende Twickenham na tasbihi. Akiangushwa usifumbe macho. Simama, upige ukelele wote wakusikie: "Inuka, mwanangu!"