Aliyenikata Ndiye Anayetaka Kunisindikiza

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana sijui hata nianzie wapi. Mimi ni mke wa Eliezeri, fundi mwashi, tunaishi juu huku milima ya Pare, tuna watoto watatu. Tangu bei ya kahawa ianguke na kazi za ujenzi ziwe za kubahatisha, nimekuwa nikishuka na maharage na vitunguu hadi gulioni Makanya, na tangu ije hii ruksa ya mitumba narudi na nguo za kuuza huku juu, na kwa kweli hiyo biashara ndiyo inayotulisha.

Siku moja ya gulio, mchana kweupe, nilikuwa napanda peke yangu kwa sababu wenzangu walitangulia, nikafika pale penye kona ya mawe akatokea mtu amejifunga kitambaa usoni, ana kisu, akasema, "Tua mzigo, weka na hela," nami badala ya kutua nikauvuta mzigo kwangu kama mjinga, akanikata mkono, akachukua pochi akakimbia. Sasa mshauri, hapa ndipo pagumu. Huyo mtu alikuwa amevaa sweta nje ndani, lakini kiwiko chake kilikuwa na mshono wa uzi wa buluu, na mshono ule niliushona mimi, kwa sababu uzi mweusi ulikuwa umekwisha, na sweta lile nilimpa mimi mwenyewe Rubeni, mdogo wake mume wangu, alipopunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge akarudi nyumbani hana kitu. Na sauti ilikuwa yake, ingawa alijaribu kuikwaruza.

Nilifika nyumbani nikasema nimevamiwa na mtu nisiyemjua. Kesho yake Rubeni akaja, kukiwa na ukungu na baridi kali, hana sweta. Akasema, "Shikamoo shemeji, pole sana, nimesikia habari." Nikamuuliza sweta liko wapi, akasema limeibwa kwenye kamba ya kuanikia. Akakaa, nikampakulia chakula kwa mkono mmoja, akala, huku akiutazama ule mwingine niliofunga bendeji.

Sikumwambia mume wangu. Baba yao alifariki Rubeni akiwa mdogo sana, Eliezeri ndiye aliyemlea na kumsomesha, na nikifungua mdomo naona mambo mawili tu, ama hataniamini na ndoa itaingia ufa, ama ataniamini na atamuua mdogo wake. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikoniponza, kwa sababu wiki iliyopita mume wangu alisema mbele yetu sote, "Mkono wa shemeji yako ukipona, Rubeni, utakuwa unamsindikiza gulioni, njia imeharibika," na Rubeni akajibu, "Hiyo kazi niachie mimi, kaka," akanitazama.

Kuna rafiki yangu anaitwa Rabia, anauza mitumba Same mjini, yeye ndiye aliyeniambia kuna Mzee Swalehe, mwanajeshi mstaafu, anafundisha walinzi na wenye maduka namna ya kujihami na mtu mwenye kisu, na Jumamosi amefungua darasa la akina mama. Nilikwenda kumwona. Mzee mpole, aliniuliza, "Mama, unataka kujikinga au unataka kukata?" Nikasema kujikinga. Akaniambia nije na kijiti cha kufanyia mazoezi, kisu halisi hataki kukiona. Lakini mshauri, nilipotoka pale nilipita sokoni nikanunua kisu kizuri, nimekificha ndani ya gunia la maharage. Nimepanga nihudhurie mafunzo, kisha nikubali kusindikizwa, na tukifika kwenye ile kona, akigusa tu kiunoni nimuwahi. Wakati mwingine natamani nimuwahi hata asipogusa. Je, nifanye hivyo, au niache biashara tukae na njaa? Mkono unakaribia kupona.

Mama Agape, Same

*

Mama Agape,

Nakujibu kwa posta, sisubiri gazeti, na nimetuma kwa anwani ya Rabia uliyonipa.

Pole kwa jeraha, na pole zaidi kwa kumpakulia chakula mtu aliyekukata. Hayo nimeyasoma kwa uchungu. Lakini nilipofika kwenye gunia la maharage huruma ilinipungua. Mafunzo si kosa, mwanamke anayetembea peke yake ana haki ya kujua namna ya kunusurika. Wewe hujapanga kunusurika. Umepanga kuua, na umempangia mahali. Mtu aliyejifunza Jumamosi chache akikutana na mwenye nguvu kumzidi, kisu chake ndicho kitakachomrudia. Na ukishinda, mumeo atamzika mdogo wake, wewe utakuwa mahabusu, na watoto watabaki na nani?

Unasema unanyamaza ili kumlinda Eliezeri. Humlindi. Umemwacha kwa mkono wake mwenyewe amkabidhi mkewe kwa mvamizi.

Kisu kitoe leo, kampe Rabia. Usishuke gulioni na Rubeni hata hatua moja, sema mkono bado unauma. Halafu mwite mzee wa ukoo ambaye mumeo anamheshimu, mkae watatu, mchana, Rubeni asiwepo. Eleza ulichoona na ulichosikia. Usiongeze neno, usimwite muuaji, sema mshono, sema sauti, onyesha kovu. Mwombe mumeo asimwendee mdogo wake peke yake. Na kelele za mwizi zisipigwe kijijini, kwa sababu watu wakishaokota mawe hutapata wa kuwazuia. Shauri lipelekeni polisi. Ukoo ukitaka yaishe kwa mbuzi na pombe, kataa, damu iliyomwagika ni yako.

Hayo yakiisha, nenda kwa Mzee Swalehe ukajifunze.

*

Msomaji, naichapa barua hii kwa ruhusa ya mwenyewe, majina tumebadilisha. Mama Agape aliniandikia tena. Alizungumza na mumewe mbele ya baba yao mkubwa, Mzee Tumainieli. Eliezeri alisikiliza hadi mwisho, akaomba auone mkono wa mkewe, akapitisha kidole juu ya kovu. Walikwenda kwa Rubeni wakiwa na mzee na balozi wa nyumba kumi. Alikana, hadi balozi alipoinua godoro akatoa sweta, limekunjwa pamoja na ile pochi tupu. Hakupigwa. Alishushwa Same, na kesi ipo mahakamani. Mafunzo Mama Agape ameyaanza, anakwenda na Rabia, na Jumamosi mumewe ndiye anayebaki na watoto.

Anasema njia nzima ya kushuka polisi Eliezeri alimwuliza mdogo wake swali moja tu: "Ungemfanya nini njiani?"