Kiapo Nilichowalisha Wakunga

Jumatano, baada ya alasiri. Hapa Garissa joto limebana na hakuna jani linalotikisika, lakini kaskazini mbingu imekuwa nyeusi tangu asubuhi. Mwaka mwingine ningefurahia mvua ya Wajir. Leo naiogopa.

Wanaosoma ukurasa huu wamezoea kunikuta nikigombana. Nimegombana na maofisa wa kaunti, mashehe, wahariri, na mume wangu. Leo wa kugombana naye ni mimi mwenyewe, na sioni wapi pa kuanzia.

Ifrah, binti wa kaka yangu, ana mimba ya kwanza na mwezi wake umefika. Yuko kwa wakwe zake, kijiji kilicho mbali na mji wa Griftu huko Wajir, mwendo wa nusu siku kwa pikapu barabara ikiwa kavu. Tulipanga ashuke Griftu wiki iliyopita akae karibu na hospitali. Mvua ikatutangulia. Laga, ule mto wa msimu ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, umejaa na hakuna gari linalovuka. Aliye naye ni Dahabo, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji hicho. Watu humwita Ayeyo, yaani bibi, hata wale wenye wajukuu wao.

Dahabo ni mmoja wa wakunga waliopata mafunzo Wajir miezi minne iliyopita. Nilikuwepo. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika hapa hapa, kwa hasira, kwamba kuwafunza wakunga wa jadi ni ujanja wa wakubwa wasiotaka kutujengea zahanati. Waandaaji wakanijibu kwa kunialika niwe mkalimani. Nilikwenda nikitafuta kosa. Zahanati bado nazidai, na nitazidai hadi nizikwe. Lakini siku ya pili ya mafunzo nilikuwa nimenyamaza.

Walifunzwa kutumia wembe mpya, kunawa mikono, kumkausha mtoto na kumlaza kifuani pa mama yake, wala asiogeshwe siku hiyo. Na walifunzwa jambo ambalo mimi na vitabu vyangu vyote sikulijua: mtoto anayezaliwa kimya si lazima awe amekufa. Kuna muda mfupi, kama dakika moja, ambapo bado anaweza kuitwa arudi. Anakaushwa, anasuguliwa mgongo, na asipovuta pumzi anapuliziwa kwa kifuko cha mpira kinachominywa kwa mkono, chenye kikombe laini kinachofunika pua na mdomo.

Dahabo alipopewa mwanasesere ajaribu, alicheka. "Hii tunawafanyia watoto wa mbuzi tangu zamani," alisema. "Tunawapulizia puani, wanaamka. Binadamu ndiye tuliyekuwa tunamfunika shuka."

Hakuna aliyecheka naye. Wanawake wengine walikuwa wakitazama mikono yao.

Siku ya mwisho vikagawiwa vifuko, na hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nimeona vifaa vingi vya umma vikiyeyuka katika kaunti zetu, nikaona hivi havitayeyuka mbele yangu. Nikadai kila mkunga aape, mkono juu ya msahafu, kwamba atakitunza kifuko chake na siku ya ukaguzi atakirudisha kama alivyopewa. Waandaaji walisita. Niliwashinda kwa maneno, kama kawaida yangu. Kiapo nilikitunga mwenyewe, nikakisoma kwa Kisomali, na wale wanawake kumi na wawili wakakirudia mmoja mmoja.

Wezi wa vifaa vya umma huvaa tai. Mimi niliwaapisha wanawake wasio na hata kabati.

Asubuhi ya leo Dahabo alinipigia kwa simu ya Ifrah, akiwa juu ya kilima, ndiko mtandao unakopatikana. Alikuwa mchangamfu. Ifrah ni mzima, akasema, anakula kama ngamia aliyetoka safari. Nikamuuliza kama amekiweka kifuko tayari.

"Kipo. Kisafi kama siku ile. Kimo sandukuni, ufunguo kiunoni."

"Ayeyo, kitoe. Kikae karibu na Ifrah."

"Nikitoe, kiingie damu na mate, halafu nikirudishe vipi kama nilivyopewa? Si wewe uliyetuapisha?"

Nikamwambia namwondolea kiapo, kuanzia sasa hivi.

"Kwani niliapa kwa jina lako?"

Mtandao ukakatika.

Kwetu watu wakigombea ngamia na ushahidi ukakosekana, mtu huapishwa, na akiapa, kesi imekwisha. Nimewaona wanaume wazima wakiacha haki yao kwa kuogopa kuapa. Nilijua hivyo. Ndiyo maana nilitumia kiapo. Nilitaka kitu kizito kuliko saini. Sasa uzito huo uko kati ya mpwa wangu na sanduku la bati, na mimi ndiye niliyeupakia.

Nilivaa viatu nikaenda kwa shehe wa msikiti wa mtaa wetu. Ni yule niliyemchana humu ndani mwaka jana, na baadhi yenu mlinishangilia. Nilisimama mlangoni kwake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Leo umekuja bila kalamu," akasema.

Nikamweleza yote. Hakunisimanga zaidi ya hapo, na hilo lilinichoma kuliko masimango. Akasema mambo mawili. Kwanza, kifaa kinachochakaa kwa kuokoa roho hakijafanyiwa hiana. Pili, aliyeapa, kisha akaona lililo bora kuliko kiapo chake, afanye lililo bora na atoe kafara: alishe maskini kumi. Nikamwomba ayaseme kwa Kisomali kwenye simu yangu, nikamtumia Ifrah sauti ile. Nikaituma pia kwa jamaa wa wakunga wale wengine, kila niliyekuwa na namba yake.

Kwa Ifrah ilikaa na tiki moja, maana yake haijamfikia.

Saa nne, tiki moja. Adhuhuri, tiki moja. Nilisali na sikumbuki nilisoma sura gani. Nilijaribu kusoma kitabu, nikageuza kurasa bila kuona neno. Nikawa najihesabia dakika moja kwa saa ya ukutani, nione ina urefu gani. Ni fupi. Haitoshi kutafuta ufunguo kiunoni, kufungua kufuli yenye kutu na kukunjua kitambaa.

Alasiri tiki ikawa mbili, bila shaka mtu aliipandisha simu kilimani, na baada ya muda sauti ya Dahabo ikaingia.

"Nimemsikia shehe. Sanduku liko wazi. Lakini mikono imesahau, mwanangu, miezi minne sijakishika. Mbuzi mmoja amezaa leo, nikajaribu kwa mtoto wake, akanipiga teke. Usiogope, kifuko nimeshakichemsha. Na hiyo kafara utailipa wewe, maana mdomo ulikuwa wako. Watu kumi. Na usiwape wali mkavu."

Nyuma yake nilimsikia Ifrah akicheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, kama mtu aliyeshikwa na kitu ghafla, na ujumbe ukaishia hapo.

Nimeusikiliza tena na tena. Huenda alikuwa amepaliwa tu. Nimepiga simu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, hapatikani. Mbingu ya kaskazini bado nyeusi.

Mchele nimeshauchagua, na nyama ya mbuzi nimeagiza. Kesho watakula watu kumi nyumbani kwangu, kisha kumi wengine kwa kila kiapo, mpaka Mungu anijaalie nimalize vyote kumi na viwili.

Lakini kuna swali sikumuuliza Dahabo asubuhi, na mtandao ulipokatika, Mungu anisamehe, nilishukuru. Katika miezi hii minne, wakati kifuko kikiwa sandukuni, ni wangapi waliozaliwa kimya?

Laini ikipatikana nitaanza na Ifrah. Kisha nitauliza, na safari hii nitanyamaza hadi amalize kunijibu.