Kidole Gumba Kilegee

Jumatatu, 12 Mei
Kalamu imeanguka tena. Chini ya kitanda, chini ya kabati, mara moja ndani ya sufuria ya mboga, sombe. Tangu plasta ya mkono uliovunjika itolewe, kine wa hospitali, yule wa mazoezi ya viungo, ameniagiza niizungushe kalamu juu ya kidole gumba asubuhi na jioni, eti vidole vikumbuke kazi. Mimi msusi. Siku hizi hata shungi moja la nywele linaniponyoka. Jumapili binti yangu Béa anapokea komunyo ya kwanza. Nikishindwa, Jumamosi atasukwa na mwingine. Mwanangu mwenyewe. Naona aibu.

Jumatano, 14 Mei
Nilidhani nguvu ndizo zimepungua. Nimesonga bukari, ugali wa nyumba nzima, kwa mkono huo, nimekamua nguo zote. Sasa vidole vimekakamaa. Nikiibana kalamu, haigeuki. Nikizidisha, inaruka. Imempiga mume wangu Donat shavuni, akacheka. Yeye ni mwalimu, huizungusha yake akisahihisha madaftari, wala haitazami. Leo nimemchukia kidogo.

Alhamisi, 15 Mei
Mezani Donat aliacha kula, akawa anautazama mkono wangu. Bukari ilikuwa ya moto sana.
"Ona vile unaikamata," akasema. "Bukari ya moto hauifinyake nguvu."
Kweli. Nilikuwa nafinyanga tonge kwa ncha za vidole, taratibu, bila kuwaza. Nikanawa, nikachukua kalamu, nikaishika kama inayounguza. Kidole cha kati kikasukuma, kidogo tu. Kidole gumba kikabaki kimelegea. Ikazunguka, ikarudi mkononi. Nikalia. Donat akajifanya anatafuta chumvi. Mungu alinipa mtu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimemsuka Béa. Niliogopa tangu nilipoamka. Nilisuka polepole, napumzika, narudia, vidole vyepesi. Watoto wote hulia wakikaa mbele yangu, na Béa huwazidi. Leo kimya. Nikadhani amenuna. Donat akachungulia uso wake.
"Mutoto iko analala."
Sijawahi kuona mtoto akilala mikononi mwangu akisukwa. Niliendelea kusuka, taratibu zaidi.

Jumapili, 18 Mei
Kabla ya misa, mlangoni mwa kanisa, jirani alikigeuza kichwa cha Béa huku na huku, akauliza nani kamsuka. Béa akanionyesha kwa kidole. Jirani anamleta binti yake Jumanne nimsuke.
Ndani nilipiga magoti, nikakosa la kuomba. Nikashukuru tu, nikakaa.