Kicheko cha Maiti

Jumatatu, 14 Oktoba

Kamera ya Tijo imefika! Ndogo — inaingia kwenye mfuko wangu wa sokoni na nafasi ya vitunguu inabaki. Nikamuuliza: hii ndiyo itatengeneza filamu, au ni ya picha za pasipoti? Akanuna. Tijo hupiga video za harusi mji wetu mzima wa Thrissur. Filamu yangu anaifanya siku zisizo na harusi, kwa mapenzi ya sanaa na ya muhogo na samaki wa mama yangu.

Inaona gizani. Na inatafuta jicho la mtu yenyewe! Kisanduku cha kijani kinatua juu ya jicho, basi, ageuke, aruke, hakimtoki. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mtu mzima na msaidizi wake. Sasa tuko wawili tu, na tunatengeneza filamu ndefu. Tijo anasema hata jicho moja linaitosha.

Akaipasulia nazi kuibariki. Maji yakaruka moja kwa moja kwenye lenzi. Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Jumatano, 16 Oktoba

Mazoezi nyumbani kwa Mwalimu Kumaran. Alinifundisha hisabati, nikatoka kapa. Lakini jukwaani! Miaka hamsini ya michezo ya kuigiza ya vijijini, na sauti ya kuita mvua. Kwenye filamu yangu ni mzee anayefariki huku wanawe wakigombea friji. Ndiyo, friji. Atakayecheka na acheke.

Shida: anapiga kelele.

— Mwalimu, punguza. Kamera iko puani kwako.

— Shyni, mimi humwigizia mtu wa mwisho kule nyuma.

— Wa mwisho ni Tijo, na yuko hapa.

Akanikata jicho. Kisha akajaribu tena, kimya, akitetemesha mdomo wa chini tu. Kidogo hivi. Nywele zikanisimama. Tijo akasahau kubonyeza kitufe, punguani yule!

Mwalimu amefurahi kama mtoto. Anasema mashine hii ni kama mke, huidanganyi kwa makelele. Bibi Devayani, mkewe, akajibu kutoka jikoni kwamba leo chai atapikiwa na mashine.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku ya kifo. Kichekesho kitupu.

Mwalimu kalazwa sakafuni kwenye jani la mgomba, shuka jeupe, pamba puani, taa ya mafuta kando ya kichwa. Amefumba macho. Kamera ikapagawa! Haina jicho la kushika. Kisanduku kikahangaika chumba kizima, kikatua ukutani kwenye kalenda ya duka la vito, juu ya jicho la mungu Krishna. Krishna akatoka safi, kila unyoya wa tausi unahesabika. Marehemu ukungu mtupu.

Tukatoa kalenda. Kikamrukia baba mkwe wa Bibi Devayani kwenye picha ya ukutani. Tukatoa baba mkwe. Kikamrukia jogoo dirishani.

— Zima hicho kisanduku, zungusha pete ya lenzi kwa mkono kama binadamu, nikamwambia Tijo.

Masikio yakamwiva. Miaka yote hii ya harusi, mkono umesahau! Alasiri nzima akazungusha huku na huku, na maiti wetu anatoa maelekezo bila kufumbua macho: «Kushoto kidogo, mwanangu. Nasikia unakosea.» Mwisho tukaipata. Nzuri mno. Nimelia, na si mtu wa kulia mimi.

Tijo akaangalia saa — harusi Guruvayur! Akafungasha kila kitu na kukimbia. Mwalimu akainuka, pamba bado puani.

— Na kicheko changu?

Lo. Kicheko. Aliyeigiza maiti lazima afumbue macho na kuicheka kamera kabla haijazimwa. Kipande hicho hakiingii kwenye filamu na hakifutwi. Hakuna asiyejua hilo. Nikasema tutafanya Jumatatu, Mwalimu, mambo ya kale hayo, hayaozi.

Bibi Devayani akazima taa kwa vidole. Hakunimiminia chai.

— Mtu akifa mbele ya kamera asipoamka mbele ya kamera, kifo kitajuaje kwamba ulikuwa mzaha?

Nikaondoka na kiu yangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Mwalimu yuko hospitali. Kifua. Alianguka akivaa viatu kwenda maktaba.

Mshipa wa moyo umeziba. Daktari anataka kumpasua Jumanne. Mwalimu anakataa kutia sahihi! Anasema yeye ni maiti tangu Ijumaa, na maiti hatii sahihi.

Ni ushirikina. Mshipa hauzibwi na filamu, unazibwa na ndizi za kukaanga anazokula kila jioni. Najua hivyo. Nimejiambia hivyo njia nzima, na bado najiambia.

Enzi za mikanda, filamu ikiwa ghali kuliko mwigizaji, bado walimwachia maiti kicheko chake. Sisi wenye kadi ya kamera inayomeza siku nzima tulikosa dakika moja.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tijo yuko Munnar, harusi nyingine, kamera anayo. Nikaona, mjini shule. Nikachukua kipande cha Ijumaa, nikakitia kwenye programu ya akili mnemba, nikaandika: mzee afumbue macho na kucheka. Chai haijapoa, kicheko tayari! Mwalimu anafumbua macho, anacheka, hata pamba puani inatikisika. Nilijipongeza.

Nikampelekea hospitali, kwenye simu yangu. Akavaa miwani. Akatazama sana.

— Meno yote haya ya nani?

Kweli. Mwalimu ana pengo kubwa mbele, kijiji kizima kinalijua. Programu imemjazia meno kama mtangaza dawa ya mswaki.

— Huyu mfufue, akasema. Mimi nipo hapa nasubiri.

Nilijisikia mjinga hata kuliko kwenye hisabati. Akanishika mkono. Wake baridi. Akasema anataka kamera ileile: iliyomuua ndiyo imfufue, kisha atatia sahihi popote, hata kwenye ukuta.

Nikampigia Tijo. Bibi harusi anapakwa hina, akasema. Nikamwambia anachoweza kufanya na hina hiyo. Atasafiri alfajiri.

Jumanne, 22 Oktoba

Tijo amefika! Shati la harusi, maua begani, hajalala. Muuguzi alikuwa ameshaingia na wembe wa kumnyoa kifua. Tukamwomba dakika kumi. Akatupa tano.

Kamera juu ya stendi. Kisanduku kikatua kwenye jicho la Mwalimu mara moja, kijani kabisa. Haya, Mwalimu, cheka.

Hakuweza. Mwigizaji wa miaka hamsini jukwaani! Akavuta mdomo, ukarudi. Akavuta tena. Tijo akacheza ngoma ya mjomba mlevi wa harusini. Mimi nikamkumbusha jogoo. Machozi yakamtoka badala ya kicheko.

— Naogopa, Shyni, akasema. Taratibu, bila mtu wa mwisho kule nyuma.

Kisha akatufukuza wote. Mnanitazama mnanililia, tokeni, niachieni mashine peke yake.

Tuko kwenye benchi la nje. Kamera inajiendesha yenyewe humo ndani, picha inakuja kwenye simu yangu. Nimeiegemeza gotini, daftari goti la pili. Bibi Devayani ameegemea bega langu. Fomu ya upasuaji iko mapajani mwake, kalamu ameshaifungua.

Amefumba macho. Kifua cha Mwalimu kinapanda, nakiona simuni. Kisanduku kinamtafuta — kimeruka ukutani, kwenye picha ya Bikira Maria.

— Mwache, kasema Bibi, huyo naye ni mama.

Muuguzi anakuja na kitanda cha magurudumu. Tijo kamsimamisha njiani, anamwonyesha picha za bibi harusi.

Mdomo wa chini umetetemeka. Au ni picha inakwama? Bibi ananiuliza, ni yeye au ni simu? Sijui, Bibi.

Fumbua, Mwalimu. Hata moja. Mashine hii huridhika na jicho moja —